Fahali wa Mapazia

Mwadini bin Himid aliponunua gari-nyumba, nusu ya Wazanzibari wa Hounslow, London, walidhani amegombana na mkewe. Mtu ana fleti yake ya kaunsili, ya serikali ya mtaa, ina hita, ina bafu la maji moto, anatafuta nini kwenye gari lenye vitanda na jiko ndani yake?

"Kafukuzwa huyo," walinong'onezana nje ya msikiti baada ya Ijumaa. "Anatafuta pa kulala."

Kumbe aliyelitaka gari hilo ni mkewe mwenyewe, Mwanamwema.

"Nataka walau mara moja nisikie mvua juu ya bati," alimwambia mumewe jioni moja. "Hapa juu yetu kuna mtu na viatu vyake, na juu yake mwengine na viatu vyake. Mvua ya London n'naiona dirishani tu, kama televisheni iliyofungwa sauti."

Mwadini alikuwa karani katika ofisi ya mizigo kwenye uwanja wa ndege. Alikuwa mtu wa tai, siku za kazi na siku za mapumziko, na viatu vyake vyeusi vilimeremeta mpaka mtu angeweza kuvitumia kama kioo cha kufungia kilemba. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole, mwenye adabu, na mkewe hakuwahi kusikia neno baya kutoka kinywani mwake. Ila kucheka alikuwa hacheki. Likitokea jambo la kuvunja watu mbavu, yeye aliinua nyusi, akasema, "Ajabu," na kuendelea na chai yake.

Basi akatafuta gari, akalipata Tooting kwa Chandrakant, muuza vitambaa mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimevuka bahari pamoja naye bila kupungua hata chembe.

"Hii gari ni nzima kabisa, Bwana Mwadini," Chandrakant alisema akipiga kofi bodi ya gari. "Mimi nauza kwa sababu nimenunua kubwa. Lakini kuna sharti moja."

"Sharti gani?"

"Lazima mje kwa klabu."

Klabu yenyewe ilikuwa ya wenye magari-nyumba wa magharibi ya London. Walikutana mwishoni mwa wiki kwenye viwanja vya kukodi, wakayapanga magari yao duara, wakala, wakanywa chai kwa ndoo, na wakafanya kila upuuzi waliouweza ili kuchangia nyumba ya watoto wagonjwa iliyokuwa Lewisham. Chandrakant hakueleza ni upuuzi wa namna gani. Alicheka tu peke yake, akakabidhi funguo.

Wikiendi ndefu ya mwisho wa Agosti 1998, Mwadini, Mwanamwema na binti yao Sundus waliingia na gari lao kwenye kiwanja cha raga karibu na Feltham. Ndege zilipita chini kiasi cha kuonyesha matumbo. Sundus, wa miaka kumi na sita, alikuwa nyuma na spika zake masikioni, amenuna kama aliyepelekwa kortini.

Mwadini alishusha kioo, akamsalimu mama mmoja mnene aliyesimama langoni na ndoo nyekundu mkononi.

"Habari za mchana, bibi," alisema kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. "Naomba kuuliza, karavani yangu niiweke wapi?"

Yule mama akatoa filimbi kifuani, akaipuliza. Watu wakatoka kwenye magari wakigonga sufuria na vifuniko. Mbwa wakabweka. Mama akaisukuma ndoo dirishani mpaka kidevuni kwa Mwadini.

"Faini!" alinguruma. "Karavani hukokotwa, bwana! Gari-nyumba lina injini yake! Tia hela!"

Huyo ndiye Doreen, mwenyekiti wa klabu, dereva wa basi mstaafu. Mwadini akatia sarafu, kisha kwa heshima zote akaomba risiti. Filimbi ikalia tena. Kumbe kuomba risiti nako kulikuwa na faini.

"Ajabu," akasema Mwadini, akatia sarafu nyingine.

Siku hiyo nzima ilikuwa ni vituko juu ya vituko. Walishindanisha bata wa plastiki kwenye milizamu iliyomiminwa maji kushuka mpaka kwenye kidimbwi cha kupulizwa, na watu wazima wenye wajukuu wakapiga magoti kwenye matope kuwashangilia. Walirusha buti la mvua, nani atalifikisha mbali. Walifanya mashindano ya mbwa, paka akashinda. Palikuwa na kura ya kumchagua mkoromaji bora, kila kura na malipo yake, na Chandrakant akashinda kwa mbali. Akapokea mto kama kombe, akauinua juu kwa mikono miwili machozi yakimtoka kwa kicheko. Kila hela ikaingia kwenye ndoo nyekundu.

Mwanamwema alicheka mpaka akashika ubavu wa gari asianguke. Alikuwa mpishi katika shule ya msingi, siku zote kati ya mvuke na kelele, lakini kelele kama hizi hakuwahi kuzisikia. Hata Sundus, ilipofika alasiri, spika zilikuwa shingoni, sauti imemkauka kwa kumshangilia bata.

Mwadini peke yake alikaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya gari lao, tai shingoni, akisoma gazeti. Faini zilipomjia alizilipa. Walimtoza kwa kukunja gazeti vizuri kupita kiasi. Walimtoza kwa kukaa wima. Alilipa, akashukuru, akageuza ukurasa.

Baadaye Mwanamwema alikwenda kwenye hema la chai kumsaidia Doreen kuosha vikombe. Alimkuta uso umemshuka.

"Kesho tuna fahali," Doreen alisema. "Tumemshona kwa mapazia ya zamani ya sebuleni kwangu. Mtu anatia hela kwenye ndoo, anataja jina la anayemtaka, na fahali anamfukuza huyo mpaka apande juu ya marobota ya majani. Mimi ndiye miguu ya mbele. Miguu ya nyuma alikuwa mume wangu, na leo amejitegua kiuno kwa kurusha buti."

Mikono ya Mwanamwema ilitulia ndani ya povu.

"Kwetu Pemba," alisema polepole, "kuna mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe wa kweli, si wa mapazia. Wanaume wanamchezea uwanjani kwa kitambaa, zumari inapigwa, na wanawake tunapanda juu ya miti tunawaimbia. Asiyejua kucheza tunamwimba mpaka anakosa pa kuficha uso."

"Nawe umeona?"

"Mimi nilikuwa mdogo. Dada yangu ndiye aliyeona. Aliniambia Kengeja palikuwa na kijana mmoja, mtoto wa mwalimu, mwembamba kama ufito. Alikuwa akimzunguka ng'ombe kama anacheza naye ngoma. Watu wakitoka mbali kuja kumtazama." Akafuta mikono kwenye aproni. "Kijana huyo ndiye mume wangu. Kila nikimuuliza, ananambia ni mambo ya utoto, kisha anauliza kama mchele upo."

Doreen alichungulia nje ya hema. Kule mbali Mwadini alikuwa akiliondoa jani moja lililotua juu ya kiatu chake.

"Yule?" aliuliza.

"Yule."

Doreen akaweka kikombe chini. "Miguu ya nyuma ni yako."

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Mwanamwema alimuaga mumewe kwamba anakwenda kusaidia vikombe. Nyuma ya hema akainama, akaingia ndani ya fahali. Mlikuwa na giza na harufu ya nondo, na kulikuwa na joto kama jikoni kwake shuleni siku ya viazi. Alishika mkanda wa Doreen kwa mikono miwili. Hakuona kitu isipokuwa kipande cha majani chini na viatu vya watu.

"Tayari?" Doreen aliuliza.

"Bismillahi," alijibu Mwanamwema, na fahali akatoka.

Kelele zilizopigwa! Wa kwanza kutajwa alikuwa Chandrakant, kwa kulipa kisasi cha mikoromo yake. Mwanamwema aliona viatu vya wazi na soksi za kahawia vikikimbia mbele yake, akasikia mtu akilalamika kwa Kigujarati, akaomba msamaha kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza juu ya marobota. Wakamfukuza mwengine, na mwengine. Mgongo ulimuuma na mbavu zilimuuma kwa kucheka.

Halafu akasikia sauti aliyoizaa mwenyewe.

"Baba yangu!" Sundus alipiga kelele kwa Kiingereza, na sarafu zikalia ndani ya ndoo. "Mfukuzeni baba yangu!"

Mwanamwema hakuwa amemwambia binti yake hata neno moja. Msichana alikuwa amejiamulia.

Watu walipisha njia. Mwanamwema aliviona viatu vyeusi vinavyong'ara, vimesimama sambamba mbele ya kiti cha kukunja.

"Asanteni sana," Mwadini alisema kwa adabu, "lakini mimi sichezi. Nitalipa faini."

Watu wakazomea.

"Tufanyeje?" Doreen alinong'ona.

"Mtishe."

Fahali akakwaruza majani, akainamisha kichwa, akaenda mbio. Viatu havikusogea. Pembe zilifika zikagusa gazeti, zikasimama. Mwanamwema akavuta kamba ya mkia, mkia ukasimama wima, watu wakaangua kicheko, na bado viatu vilikuwa palepale, kimya, kama vimo dukani.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Aliimba. Sauti yake iliikumbuka yenyewe namna ya wanawake wa kwao, ile ya kooni, ya kumdhihaki mtu huku unambembeleza, na maneno yakaja palepale:

"Mwana wa mwalimu kafunga tai,
ng'ombe kamuona, ye kajifanya hajui.
Usitafute mti, bwana, miti imejaa,
tumepanda wanawake, tunakutazama."

Wengi hawakuelewa neno, lakini waliona kwamba nyuma ya fahali panaimba.

"Nani humo?" Mwadini aliuliza kwa Kiswahili, taratibu.

Nyuma ya fahali paliimba tena, kwa nguvu zaidi.

Gazeti likaanguka majanini. Mwanamwema aliliona likitua. Kisha akaona mkono ukishuka, ukafungua kamba ya kiatu cha kulia, ukafungua cha kushoto. Viatu vikawekwa pembeni pamoja, soksi zikatiwa ndani yake. Zikabaki nyayo mbili tupu, laini, ambazo hazikuwa zimekanyaga ardhi kwa miaka mingi, na vidole vyake vikajikunja na kujikunjua kwenye majani kama vinavyoamka usingizini.

"Mola wangu," alisema Mwanamwema.

"Nini?" Doreen aliuliza.

"Kavua viatu."

"Ni vibaya?"

"Kimbia tu!"

Mwadini aliivuta kanga ya mkewe iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba kando ya gari, akaitikisa. Fahali akaifuata. Akakuta hewa. Akageuka, akaifuata tena, akakuta hewa. Nyayo zile zilikuwa mahali pamoja, mara hazipo, mara zimetokea upande wa pili. Mwadini akaanza kupiga mluzi, mluzi wa zumari, unapanda na kushuka, na miguu ikaufuata.

"Yuko wapi?" Doreen alihema.

"Kushoto! La, kulia! Sijui, namuona kidole tu!"

Watu walianza kupiga kelele za Kihispania, *olé, olé*, walizowahi kuzisikia kwenye televisheni. Mwadini akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Si hivyo!" aliwaambia. "Semeni *haya-haya-haya!*"

"Haya-haya-haya!" kiwanja kizima kiliitikia, wazee kwa watoto, na ndege iliyopita juu haikusikika.

Akamzunguka fahali na kanga begani. Akampigia magoti mbele ya pembe, akainuka kabla hazijafika. Akamgusa paji la uso kwa kidole kimoja, akampa mgongo, akaenda zake kwa mwendo wa bwana harusi, na fahali alipomvamia, alipisha tu, kama mtu anayempisha bibi kizee mlangoni. Chandrakant akaidaka ile ndoo nyekundu, akawa anakimbia nayo kuzunguka duara.

"Anayetaka waendelee alipe! Anayetaka wapumzike alipe mara mbili!"

Wote walitaka waendelee.

Aliyechoka alikuwa Doreen. "Nimeendesha basi katikati ya London maisha yangu yote," alisema akitweta, "lakini hii!" Na kwenye kona moja mkanda wake ukachomoka mikononi mwa Mwanamwema, mapazia yakapasuka katikati, na fahali akawa wawili. Nusu ya mbele ilikwenda moja kwa moja kwenye hema la chai ikajitupa kitini, pembe zimekaa upande. Nusu ya nyuma haikusimama. Iliendelea peke yake, pazia usoni, mkia juu, ikimtafuta mtu kwa kupapasa.

Watu walilala chini kwa kucheka. Lakini Mwanamwema alisikia kitu kingine, kicheko chembamba, cha kukatikakatika, kama birika linalokaribia kuchemka. Ilimchukua muda kutambua ni cha nani. Miaka ishirini ya ndoa, hakuwahi kukisikia.

Akakikimbilia. Alikimbia bila kuona, mikono mbele, na kicheko kikawa kinarudi nyuma, kinarudi nyuma, mpaka wote wawili wakajikwaa kwenye kidimbwi cha kupulizwa, kile walichowekwa bata wa plastiki, wakaangukia ndani kwa kishindo. Bata wakaruka huku na huku.

Pazia lilimteleza Mwanamwema. Mtandio wake ulikuwa umeenda upande na bata mmoja wa njano alikuwa amekaa begani kwake.

"Mama Sundus!" Mwadini alisema.

"Naam, Baba Sundus."

"Wewe ndiye ng'ombe?"

"Nusu."

Mwadini alijaribu kusema "Ajabu," ikashindikana. Alicheka mpaka akapata kwikwi, akashika tai yake iliyolowa akaikamua kama kitambaa cha jikoni, akaitazama, akacheka upya. Nyuma yao walimsikia Sundus akimwambia mtu kwa Kiingereza, kwa sauti ya majivuno kabisa, "Wale ni wazazi wangu. Wote wawili."

Doreen akaja na filimbi yake, pembe bado kichwani, akawatoza faini ya kuogelea bila ruhusa.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mwadini alikaa mlangoni kwa gari, nguo kavu, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Nyayo zilikuwa zimechubuka. Mwanamwema alimletea chai, akakaa pembeni yake, na mara hii hakumuuliza kitu. Mwadini alianza mwenyewe.

"Nilicheza msimu mmoja tu," alisema. "Baba hakupenda, alitaka nisome. Kisha mambo yakaharibika kisiwani, tukaondoka. Nilipofika huku niliona kila mtu ananitazama. Nikipanda basi, nikinunua mkate, nikitamka neno vibaya. Nikajiambia, sitofanya tena jambo la kutazamwa."

"Na leo?"

Alinywa chai kidogo. Ng'ambo ya kiwanja watoto walikuwa wakikimbizana na mataulo, wakipiga kelele, *haya-haya-haya.*

"Leo wametazama," alisema, "na mimi sikuona aibu. Ila ule mstari wa pili, bibi, uliukosea mizani."

"Ungekaa wewe ndani ya pazia tuione mizani yako!"

Mwaka uliofuata Doreen alishona fahali mpya, wa turubai, maana mapazia yalikuwa yamekwisha. Klabu nyingine zikawa zinamwita. Walikwenda Crystal Palace, walikwenda mpaka Kent, na kila walipokwenda Mwadini alikuwa na kanga tatu kwenye kabati la gari, moja ya kuchezea na mbili za akiba. Kazini wenzake walimwona akipisha toroli za mizigo kwa madaha wasiyoyaelewa.

Halafu ile nyumba ya watoto kule Lewisham ikawaalika. Wauguzi walisema watoto wamesikia habari za fahali, na hawataki picha, wanamtaka mwenyewe.

Walimpeleka kwenye bustani, siku ya jua. Watoto walikuwa wamepangwa kando ya maua, wengine vitini, wengine vitandani. Mwadini alionyesha mchezo wake wote, wakapiga makofi. Lakini mmoja hakupiga. Alikuwa msichana wa miaka tisa, Miradie, ambaye wazazi wake walitoka Bukavu, na alikaa kwenye kiti cha magurudumu chenye injini.

"Fahali wenu anakwenda polepole," alisema kwa Kiingereza.

Mama yake, Agathe, aliona haya. "Miradie! Heshimu wakubwa!"

"Si kosa, mama, amesema kweli," alijibu Doreen, aliyekuwa ameshavua kichwa kupunga hewa. Akakitazama kile kichwa cha turubai na pembe zake. Akakitazama kiti cha Miradie. Mwanamwema akaelewa kabla hajaambiwa, akatafuta kamba.

Walikifunga kichwa mbele ya kiti, kati ya miguu ya Miradie, pembe zikitazama mbele. Mwadini akavua viatu, akaitikisa kanga kwa mbali, kwa upole, kama anayemwita mtoto mdogo.

Miradie akasukuma kitufe mpaka mwisho.

Mwadini alipisha pembe kwa unywele mmoja. Kiti kikageuka palepale kilipo, jambo ambalo hakuna ng'ombe wa Kengeja aliyewahi kulifanya, kikamrudia. Akaruka kitalu cha maua. Akazunguka beseni la mawe wanalonywea ndege maji. Wauguzi wakajibanza ukutani, watoto wakaitikia *haya-haya-haya* kwa sauti zao ndogo, na Agathe, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, akaiachia mikono akapaza sauti:

"Kimbiya, baba! Kimbiya! Anakuya!"

"Namuona!" Mwadini alijibu akipita mbio, kile kicheko chake cha birika kikimtangulia. "Mama Sundus, nionyeshe mti!"

"Miti imejaa!" Mwanamwema alimwambia, naye alikuwa amesimama juu ya benchi, akianza kuimba.